Alama ya "13" kwenye Filamu ya Mlimani Inamwambia Mzazi Nini?

Mama mmoja ambaye mwanawe alitimiza miaka 13 hivi karibuni aliniletea swali ambalo, kwa sura mbalimbali, nimelisikia kwa wazazi wengi. Filamu waliyoitazama nyumbani ilihusu wapanda milima walionaswa na dhoruba. Ilikuwa na alama ya umri wa miaka 13, haikuwa na uchi, haikuwa na bunduki, na damu iliyoonekana ilikuwa kidogo sana. Hata hivyo kijana hakulala usiku ule, na kwa siku kadhaa alirudia swali lile lile: kwa nini walimwacha? Mama alitaka kujua kama yeye ndiye aliyekosea, au waliobandika ile alama.

Naamini hakuna aliyekosea, ila alama na mama walikuwa wakizungumzia mambo mawili tofauti. Alama ya umri hupima kinachoonekana na kusikika kwenye kioo, ilhali mama alitaka kujua kitakachobaki ndani ya mtoto baada ya kioo kuzimwa. Katika filamu nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, kwa maana kwamba penye mapigano na damu nyingi ndipo penye hofu nyingi. Katika filamu za mlimani hutengana, na hapo ndipo wazazi wengi makini hupotea njia.

Tuanze na maneno yenyewe. Ninaposema filamu ya kunusurika mlimani nina maana ya mchezo wa kuigiza ambao adui wake mkuu ni mlima: baridi, kimo, upepo, uchovu na muda unaokwisha. Mara nyingi hakuna mtu mbaya ndani yake. Kijana, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni mtu wa kati ya miaka 10 na 19, na mtu yeyote aliyelea watoto anajua kwamba ndani ya miaka hiyo mna watu tofauti kabisa. Alama ya umri ni ushauri au amri inayotolewa na chombo fulani, katika nchi fulani, kwa kufuata kanuni zake, na kanuni hizo hutofautiana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Chukua PG-13 ya Marekani, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwenye filamu zinazotufikia. Ilianza mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba baadhi ya filamu za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa watoto wadogo, ingawa hazikuwa za watu wazima. Haimaanishi kwamba aliye chini ya miaka 13 amekatazwa, wala haimaanishi kwamba aliyefikisha miaka 13 yuko tayari. Inamwambia mzazi ajihadhari, kwa sababu baadhi ya yaliyomo huenda yasimfae mtoto aliye chini ya umri huo. Si sheria ya serikali, bali ni mpango wa chama cha wenye kampuni za filamu, na wanaokaa kutoa alama hizo ni wazazi walioajiriwa kwa kazi hiyo. Alama inayofuata juu yake, yaani R, inamtaka aliye chini ya miaka 17 aingie sinema akiwa na mzazi au mlezi. Uingereza, alama ya 12A iliyoanza mwaka 2002 inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia sinema iwapo ameandamana na mtu mzima.

Kwetu, Kenya ina Bodi ya Uainishaji wa Filamu inayotumia madaraja ya GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Tanzania ina Bodi ya Filamu, ambayo msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na PG-13 kule na daraja jingine hapa, bila chombo chochote kuwa kimesema uongo. Kila kimoja kimejibu swali lake.

Tatizo ni kwamba majibu hayo hayafiki nyumbani. Filamu hupita kwenye simu, kwenye flashi, kwenye vibanda umiza na kwenye nakala zenye sauti ya DJ anayesimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji. Njiani alama huanguka. Nakala zenye msimulizi zina jambo lake la pekee: DJ hodari huweza kuigeuza filamu ya huzuni kuwa ya kuchekesha, na mahali ambapo mtu anakufa polepole kwenye theluji, utani wa msimulizi humfunika. Wapo wanaodhani kwamba hilo humkinga mtoto. Mimi sioni hivyo, kwa sababu macho yake bado yanaona, na anachojifunza ni kwamba watu wazima hucheka jambo hilo linapotokea.

Sasa tuone jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Filamu iitwayo Everest, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Baltasar Kormákur wa Iceland, ilipewa PG-13 nchini Marekani kwa sababu ya hatari kali na picha zinazosumbua. Ndani yake watu kadhaa hufa, na watu hao walikuwepo kweli. Filamu ya 127 Hours, ya mwaka 2010, inamhusu Aron Ralston, mpanda milima ambaye mwaka 2003 mkono wake ulibanwa na jiwe katika korongo la Utah, na baada ya siku tano akaukata mwenyewe akaondoka hai. Hiyo ilipewa R. Ile ambayo wengi wanakufa ikapata alama nyepesi, na ile ambayo mhusika anaokoka ikapata nzito. Kwa anayefahamu kipimo hakuna mshangao hapo: ya pili ina damu, ina jeraha linaloonyeshwa kwa karibu, na ina matusi. Katika mpango wa Marekani, tusi zito la kingono likitajwa zaidi ya mara moja kwa kawaida hupandisha filamu kutoka PG-13 hadi R. Mtu anayekufa kwa baridi huku akizungumza kwa upole hapandishi chochote.

Sisemi kwamba kipimo hicho ni cha kijinga. Damu na matusi vinahesabika, na mtu anaweza kukaa na kalamu akavihesabu, ilhali huzuni haihesabiki. Mzani wa dukani hukupa uzito wa samaki lakini haukuambii kama ameoza, na hakuna anayeulaumu mzani kwa hilo. Mnunuzi hutumia pua yake.

Uzito wa filamu kama Everest uko wapi basi? Uko katika kisa chenyewe, na ni vyema mzazi akakifahamu kabla ya mtoto. Mnamo tarehe 10 Mei 1996, misafara miwili ya wateja waliolipa fedha nyingi, mmoja ukiongozwa na Rob Hall wa New Zealand na mwingine na Scott Fischer wa Marekani, ilipanda kuelekea kileleni kutoka upande wa Nepal. Ilieleweka kwamba ikifika saa 8 mchana, mtu yeyote ageuke, awe amefika au hajafika. Saa 8 ikapita na watu wakaendelea. Doug Hansen, mteja wa Hall ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amegeuzwa akiwa karibu kabisa, alifika kileleni baada ya saa 10 jioni. Dhoruba ikaja. Hall hakumwacha mteja wake. Hansen akafa, na asubuhi iliyofuata Hall alikuwa peke yake karibu na kilele, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi, akizungumza kwa redio ya upepo. Waliokuwa chini waliunganisha redio hiyo na simu ya setilaiti, akaongea na mkewe aliyekuwa New Zealand akiwa na mimba ya miezi 7. Wakazungumzia jina la mtoto. Hakuonekana akiwa hai tena.

Hakuna tone la damu katika mazungumzo hayo. Hakuna bodi duniani yenye safu ya kuandikia "mume anamuaga mke ambaye hawezi kufikiwa". Lakini ukimuuliza kijana baada ya filamu ni kipi kilichomgusa, mara nyingi atakutajia hicho.

Kipo pia kile cha kuachwa. Beck Weathers, daktari kutoka Texas, na Yasuko Namba, mwanamke wa Kijapani mwenye umri wa miaka 47, walilala nje usiku kucha karibu na kambi ya juu. Wenzao walipowafikia asubuhi waliwakuta wakiwa na pumzi kidogo sana, wakaamua kwamba hawawezi kuokolewa, wakarudi kambini bila wao. Kwa mtoto aliyelelewa katika jamii zetu, ambako mgonjwa hubebwa kwa machela ya miti mpaka barabarani na maiti husafirishwa mamia ya kilomita ili izikwe nyumbani, uamuzi huo hauingii akilini. Swali la yule mvulana wa miaka 13 halikuwa la woga. Lilikuwa la haki. Aliona jambo linalopingana na kila alichofundishwa, na hakuna aliyemweleza.

Maelezo yapo, nayo huanzia kwenye sufuria ya maharage. Maharage yaleyale huchelewa kuiva Njombe kuliko Dar es Salaam, kwa sababu kadiri unavyopanda juu hewa inayotukandamiza hupungua uzito, na maji huchemka kabla hayajawa ya moto sana. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi joto takriban 80 badala ya 100. Hewa iliyopungua uzito hivyo ndiyo tunayoivuta. Watu husema kwamba juu ya mlima "oksijeni imeisha", lakini sehemu yake katika hewa ni ileile, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni hewa yote kwa jumla, kama bakuli la wali lililojazwa nusu: uwiano wa mchele na nazi haujabadilika, ila chakula chenyewe ni kidogo. Kwenye kilele cha Kilimanjaro kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni ya pwani. Kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, huleta theluthi moja tu.

Kuanzia mita 8,000 hivi mwili hauwezi tena kuzoea, na wapanda milima hupaita ukanda wa kifo, kwa kuwa kila saa inayopita huko ni ya kujitafuna. Mtu mwenye afya hupiga hatua moja, kisha husimama kupumua mara kadhaa kabla ya nyingine. Akili huzorota. Mtu mwerevu hushindwa hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na hajui kwamba ameshindwa. Kumbeba mwenzako asiyejiweza katika hali hiyo, usiku, kwenye upepo mkali, kwa kawaida huongeza maiti badala ya kuokoa mtu. Kijana anaweza kulielewa hili vizuri sana akielezwa. Asipoelezwa ataondoka na imani kwamba wapanda milima ni watu wasio na utu, au, vibaya zaidi, kwamba watu wote wako hivyo shida inapozidi.

Kipo kitu kingine kinachowachanganya watazamaji. Katika filamu za aina hii huweza kuonyeshwa mtu anayeganda kwa baridi akivua koti lake na glavu zake. Vijana hudhani kwamba amechagua kufa. Sivyo. Joto la mwili likishuka kupita kiasi, mishipa ya ngozi iliyokuwa imejibana hulegea, damu yenye joto hukimbilia nje, na mtu akahisi anaungua ilhali anaganda. Ni udanganyifu wa mwili, nao umerekodiwa sana na madaktari. Hili mzazi alieleze palepale bila kungoja mwisho, hasa kama kuna mtoto ndani ya nyumba ambaye amewahi kuguswa na habari ya mtu kujiua.

Nirudi kwenye umri, kwa sababu hapa ndipo dhana potofu iliyoenea kuliko zote ilipo: kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyopungukiwa na hofu mbele ya filamu. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyoogopeshwa na televisheni na filamu, alionyesha kwamba hofu haipungui tu, bali hubadilika umbo. Mtoto mdogo, hadi miaka 7 au 8 hivi, huogopa kinachotisha kwa sura: zimwi, meno, macho mekundu. Akikua anatambua kwamba zimwi halipo, na hofu yake huhamia kwenye yanayoweza kutokea kweli. Zimwi halipo, lakini baridi ipo. Baba anayesafiri asirudi yupo. Kwa hiyo filamu ya mlimani inaweza kumpita mtoto wa miaka 6, ambaye ataona theluji na watu wenye mavazi mazuri, kisha ikamkaba kaka yake wa miaka 13 aliye kwenye kiti hichohicho. Kusema "huyu ameshakuwa mkubwa, haogopi" ni kusoma jambo kinyume. Na mvulana anayeambiwa hivyo mara nyingi hataogopa kidogo kwa sababu ya kuambiwa, ila atajifunza kutosema.

Kuna wanaoshikilia upande wa pili, kwamba kwa vile filamu inatokana na kisa cha kweli, basi ni elimu na haina madhara. Ukweli huongeza uzito kwa kijana, kwa kuwa unamnyang'anya ile faraja ya kusema "ni maigizo tu". Halafu kisa cha kweli kikiingia kwenye filamu ya saa 2 hupunguzwa. Waigizaji huonyeshwa bila barakoa za oksijeni ili tuzione sura zao, huzungumza kwa sentensi nzima mahali ambapo watu halisi wangeweza kutoa neno moja tu, na wapo ambao hawaonekani kabisa. Katika dhoruba ileile ya Mei 1996, upande wa kaskazini wa mlima, walikufa askari watatu wa kikosi cha mpaka cha India, Tsewang Smanla, Dorje Morup na Tsewang Paljor, na simulizi nyingi maarufu huwapita kama hawakuwepo. Masherpa, yaani wenyeji wa milima ya Nepal ambao hufunga kamba, hubeba mitungi na huzunguka mlimani kuwatafuta waliopotea, hupewa nafasi ndogo. Kijana wa Moshi au Marangu ambaye mjomba wake ni mpagazi kwenye Kilimanjaro ataliona hilo kabla ya mzazi kulisema, na ni mazungumzo mazuri kuliko mengi yanayoweza kuzuka sebuleni.

Wazazi wengine huhofia kuiga: mtoto atatazama, kisha atataka kupanda. Filamu inayoonyesha vidole vyeusi vilivyokufa kwa baridi haiwavutii wengi kihivyo, lakini hofu hiyo siidharau. Vijana wako katika umri ambao hamu ya msisimko hukomaa mapema kuliko uwezo wa kujizuia, na kwa baadhi yao kisa cha kifo husomeka kama kisa cha ushujaa. Mmarekani Jordan Romero alifika kilele cha Everest mwaka 2010 akiwa na miaka 13, jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu atalipata kwa dakika moja. Mwambie pia yanayofuata: alipandia upande wa Tibet, kwa sababu Nepal haitoi kibali kwa aliye chini ya miaka 16. Na mwambie kwamba mlima wenyewe hauko mbali nasi. Mei 2024, Mkenya Cheruiyot Kirui alifariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kupanda bila oksijeni ya ziada, na Nawang Sherpa aliyekuwa akimwongoza hakurudi. Vijana wengi wa Kenya walifuatilia habari ile kwenye simu zao siku baada ya siku, wengi wao bila mtu mzima wa kuzungumza naye. Kwao filamu za aina hii si habari za wageni tena.

Kama kijana ana hamu ya kweli, hamu hiyo ina mahali pake. Kilimanjaro huruhusu kuelekea kileleni kuanzia umri wa miaka 10, chini ya waongozaji wenye leseni, na agizo la kwanza atakalolisikia getini ni "polepole". Ugonjwa wa kimo huua huko pia, na waongozaji wanalijua hilo kuliko filamu yoyote.

Sasa hukumu yangu, kwa kuwa niliulizwa. Filamu kama Everest ninaona inawafaa vijana wengi kuanzia miaka 13 au 14, kwa sharti kwamba mtu mzima anayekijua kisa yuko chumbani. Wa miaka 10 hadi 12 ningewaomba wangoje. Hawatashindwa kuitazama, lakini wana uwezo kamili wa kuelewa kwamba mtu anakufa na uwezo mdogo wa kuelewa kwa nini hakuokolewa, na pengo hilo ndilo linalowanyima usingizi. Kuanzia miaka 16 wengi wanaweza kuitazama wenyewe, ingawa wangefaidika na mtu wa kubishana naye baadaye. Filamu zenye jeraha la kujikata, au zile za ajali ya ndege ya mwaka 1972 katika milima ya Andes, ambako watu 16 waliokoka baada ya siku 72 kwa kula nyama ya wenzao waliokufa, ningeziweka kwa wa miaka 16 na kuendelea, na hata hapo ningemweleza mapema atakachokiona.

Umri ni nusu ya hesabu tu. Kijana aliyefiwa na mzazi mwaka huu hafai kukutana na mazungumzo yale ya redio bila kujua kwamba yanakuja, hata akiwa na miaka 18. Vivyo hivyo kijana ambaye mzazi wake yuko safarini muda mrefu, baharini, barabarani au kazini Uarabuni, na ambaye kila usiku husubiri simu. Kwa watoto hao sehemu inayoumiza si mlima, ni simu. Mzazi anajua jambo hilo kuhusu mwanawe, na hakuna bodi inayoweza kulijua. Kwa upande mwingine, kijana kulia mwishoni mwa filamu si dalili kwamba amedhurika. Dalili za kuangalia ni zile zinazoendelea baada ya siku kadhaa: kukosa usingizi, kukataa kutengana na mzazi, kurudia swali moja bila kutosheka na jibu.

Kwa hiyo tazama kwanza peke yako, au angalau soma kisa hadi mwisho. Mwambie mapema kwamba wapo watakaokufa na kwamba ni watu wa kweli, kwani kumharibia mshangao ni hasara ndogo. Msitazame saa 4 usiku kabla ya kulala. Simamisha filamu mkifika kwenye tukio zito, kunyweni chai, kisha mwendelee kama anataka. Yasimalizwe palepale kwa "umeona sasa, ndiyo maana nakwambia usikilize wakubwa", kwa sababu hilo hulifunga swali lake kabla halijatoka.

Na akiuliza kwa nini walimwacha, mjibu kama yalivyokuwa. Waliomkuta walikuwa wenyewe hawajiwezi, katika mahali ambapo mtu mzima mwenye nguvu hushindwa kubeba begi lake, wakaamini kwamba wawili wale wasingefika chini. Kwa mmoja walikosea. Alasiri ile Weathers alifumbua macho, akasimama akiwa haoni vizuri, akatembea peke yake mpaka kambini. Siku mbili baadaye rubani wa jeshi la Nepal, Madan Khatri Chhetri, alitua kwa helikopta kwenye kimo cha takriban mita 6,000, ambako hewa ni nyepesi kiasi kwamba mapanga ya helikopta huweza kushindwa kuinyanyua, akamtoa. Weathers alipoteza mkono wa kulia, vidole vya mkono wa kushoto na pua, akarudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake. Yasuko Namba, aliyelala karibu naye usiku ule wote, hakuamka. Kijana atauliza kwa nini yule na si huyu, na hapo mzazi anaweza kumwambia kwamba hakuna anayejua kwa hakika.